Maeneo Machache

Saa mbili na nusu usiku, habari zikiisha,
yule dada mwenye sauti ya maji ya mtungini
anasoma mikoa kama mwalimu anayeita mahudhurio:
Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe, Rukwa,
joto kali, vipindi virefu vya jua,
na mvua zenye ngurumo katika maeneo machache.

Machache yapi, dada?
Chimala ni eneo? Ua wangu ni eneo?
Maana nina matofali elfu sita mabichi yamelala uani
na turubai moja, nalo lina matundu.

Leo siku ya tisa hatujajifunika shuka.
Bati linalia ta, ta, likipoa usiku wa manane.
Kuku wanatembea midomo wazi kama waliosahau neno.
Lami ya barabara kuu imeshika ndala ya mtoto wa Tulinagwe
na haijairudisha.
Juu kule Matamba, wanasema, watu bado wanavaa masweta.
Kona hamsini na saba tu kati yetu na baridi,
na hakuna hata moja inayotukumbuka.

Jumapili kanisani waliombea mvua.
Nilifumba macho na wenzangu, nikaitika amina,
ila kimoyomoyo nikaongeza: siku nne tu, Baba.
Siku nne za jua, niyapange tanuru, nilikandike tope, niwashe moto.
Kisha fungulia mabomba yote.
Ambakisye alikuwa benchi la mbele,
miche yake ya mpunga imegeuka rangi ya mkeka.
Amina yake ilikuwa ndefu kuliko yangu.
Sijui Mungu huzisomaje barua mbili
zilizotoka mtaa mmoja, zinazopigana.

Alhamisi, saa tisa alasiri,
upepo ukageuka, ukanuka udongo wa watu wengine.
Mlima ukaanza kuvaa weusi kichwani.
Tukaiona mvua ikishuka kona kwa kona
kama lori la viazi lililokatika breki:
ya kwanza imepotea, ya kumi, ya thelathini,
na kila kona ilipigiwa honi yake.
Radi ikapasua anga, watoto wakahesabu:
moja, mbili, tatu, ngurumo.
Moja, mbili.
Moja.

Sikuwa na wa kumwita. Nikamwita Ambakisye.
Mtu aliyeomba mvua akaja mbio kunisaidia kuizuia,
akashika pembe moja ya turubai, mimi nyingine,
upepo ukashika mbili zilizobaki.
Tulicheka. Sijui kwa nini. Maji yalituingia midomoni.

Dakika kumi na mbili. Ndiyo mvua yote hiyo.
Haikufika kwenye kitalu chake
ng'ambo ya mfereji, hatua mia mbili.
Vumbi la kule halikuguswa hata na tone.
Alisimama mpakani,
mguu mmoja kwenye tope, mmoja kwenye vumbi,
akasema tu: "Maeneo machache."

Usiku redio ikataja palikonyesha:
Tukuyu, Kyela, Mbozi.
Sisi hatukutajwa.

Elfu mbili yalirudi kuwa udongo.
Yaliyobaki nikayachoma hivyo hivyo, yana ndui usoni,
kila tone limeacha kidimbwi chake.
Wanunuzi waliyageuzageuza, wakapanda pikipiki zao.
Ambakisye akayachukua kwa nusu bei,
nusu ya nusu akaahidi kuilipa kwa mchele,
akajenga ghala.

Nenda kaupapase ukuta ule, upande wa barabara,
kwa ncha za vidole, taratibu.
Hiyo ndiyo Alhamisi yenyewe, saa tisa na robo,
iliandikwa ikiwa mbichi, ikaiva.

Mchele bado sijaupata.